Matandiko ya Nyoka: Namna ya Kuchagua Vitu vya Kutandika Katika Sanduku la Chatu

I. Sababu ya mafundisho haya

Katika Ulaya na Marekani watu wengi hufuga nyoka nyumbani, kama wengine wanavyofuga njiwa au sungura. Nyoka wa Afrika anayefugwa sana ni chatu wa kifalme. Yeye ni chatu mdogo. Mara nyingi urefu wake ni metri 1 mpaka metri 1 na nusu. Hana sumu. Akiogopa, kwa kawaida haumi. Hujiviringa kama mpira na kuficha kichwa chake katikati. Makao yake ni nchi za nyasi na miti michache, tangu Senegali mpaka Uganda. Katika Togo, Benin na Gana kuna watu wanaoangua mayai ya chatu huyu na kuuza watoto wake ng'ambo.

Mtu anayeanza kufuga huuliza habari ya chakula na habari ya joto. Habari ya matandiko huiacha mpaka mwisho, kwa maana hudhani ni pambo tu. Sivyo hata kidogo. Chatu hana miguu. Usiku na mchana tumbo lake lote linagusa matandiko. Pua yake iko karibu nayo, na hewa anayovuta hupita juu yake. Jike hutaga mayai juu yake. Matandiko mabaya huleta ugonjwa wa mapafu, wa ngozi na wa tumbo, tena huozesha mayai. Mfugaji huona kazi ya mwaka mzima imepotea, wala hajui sababu.

Basi katika mafundisho haya tutaeleza vitu gani vinafaa kutandikwa, vitu gani havifai, na namna ya kuvitumia tangu siku nyoka anapofika mpaka siku watoto wake wanapotoka mayaini.

Kwanza mambo mawili. Mafundisho haya si ya nyoka wenye sumu, kama swila, fira na kifutu. Hao waachwe kwa watu waliofundishwa kazi hiyo. Tena chatu wote wamelindwa na mapatano ya mataifa yaliyotiwa sahihi Washington mwaka 1973. Usimkamate chatu porini, wala usimpitishe mpakani bila hati. Uliza kwanza ofisi ya serikali inayolinda wanyama. Ni vema kununua mtoto aliyezaliwa kwa mfugaji; yeye amezoea sanduku, na mara nyingi ana wadudu wachache kuliko nyoka wa porini.

II. Tazama makao yake porini

Mkulima mwenye akili hutazama udongo kabla ya kuchagua mbegu. Mfugaji naye atazame nchi ya mnyama kabla ya kuchagua matandiko.

Mchana chatu wa kifalme hakai wazi juani. Hukaa ndani ya mashimo ya panya na ndani ya vichuguu. Humo mna giza, mna joto lisilobadilika sana, na hewa yake ina unyevu kuliko hewa ya nje, hata wakati wa kiangazi. Lakini hakai katika matope. Shimo lenye unyevu si kinamasi. Shika neno hili, kwa maana makosa mengi ya wafugaji hutoka hapa: wengine humkausha nyoka kama samaki wa kuuza, wengine humlaza katika maji.

Nyoka wengine wana desturi nyingine. Nyoka wa mahindi wa Marekani, naye hufugwa sana, hutaka pakavu zaidi kuliko chatu wa kifalme. Kwa hiyo usiige matandiko ya jirani yako kabla ya kuuliza nyoka wake ni wa namna gani.

III. Kazi nne za matandiko

Matandiko mema hufanya kazi nne:

1. Hunywa mkojo na maji ya mavi, ili tumbo la nyoka libaki kavu.
2. Hushika unyevu kidogo na kuutoa polepole hewani, ili nyoka ajivue gamba vizuri.
3. Humpa nyoka mahali pa kujificha na kujisukuma.
4. Huonyesha uchafu na wadudu, ili mfugaji awaone upesi.

Hakuna kitu kimoja kinachofanya kazi zote nne sawasawa. Karatasi huonyesha uchafu vizuri sana, lakini haishiki unyevu. Makumbi ya nazi hushika unyevu vizuri sana, lakini huficha uchafu. Ndiyo maana hatusemi, "Kitu hiki peke yake ndicho chema." Twasema, "Jua kwanza unataka kazi gani, kisha chagua."

IV. Vitu vinavyofaa

Karatasi. Gazeti la zamani, au karatasi ya kupangusia ya jikoni, ni matandiko ya bei ndogo kuliko yote. Tumia karatasi kwa nyoka mgeni, kwa nyoka mgonjwa na kwa watoto wadogo. Juu ya karatasi nyeupe utaona mavi ya kwanza, utaona damu kama iko, utaona utitiri ukitembea. Nyoka mgeni akae juu ya karatasi miezi 2 au 3, katika chumba kingine, mbali na wenzake. Ukimweka siku ile ile juu ya makumbi, huwezi kujua amekuja na nini.

Makumbi ya nazi. Ni maganda ya nje ya nazi, yaliyokatwa vipande vidogo au kusagwa. Hushika maji bila kuoza upesi, hayana harufu kali, na nyoka huweza kujichimbia ndani. Kwa chatu wa kifalme mzima, mwenye afya, matandiko haya ni mema sana. Yakiwa na vumbi jingi, yachunge katika kichungio kabla ya kuyatumia, kwa maana vumbi huingia puani na mdomoni.

Maranda ya mti wa aspeni. Maranda ni makombo ya mbao yanayotoka chini ya randa ya seremala. Aspeni ni mti wa nchi za baridi. Mbao zake hazina mafuta ya harufu. Maranda yake ni laini, na nyoka hutengeneza njia ndani yake kama shimo la panya. Yanamfaa sana nyoka wa mahindi. Lakini yakilowa huota ukungu baada ya siku chache. Basi hayafai mahali penye unyevu mwingi.

V. Vitu vya kukataa

Maranda ya mwerezi. Mwerezi unanukia vizuri, na watu huweka nguo katika masanduku yake ili nondo wasile. Lakini harufu ile ile inayofukuza nondo humwumiza nyoka aliyefungwa pamoja nayo. Huchoma pua na mapafu, na hulitia ini taabu. Usitumie maranda ya mwerezi kamwe, hata kidogo, hata kwa siku moja. Maranda ya msonobari mbichi pia yana utomvu na harufu kali, uyaache.

Maranda usiyoyajua. Seremala wa kijiji huranda mbao za namna nyingi, na makombo yote huanguka pamoja. Vumbi la mvule, kwa mfano, huwasha ngozi na pua za maseremala wenyewe. Kama linamwasha mtu anayefanya kazi uwanjani, litamfanya nini nyoka aliye ndani ya sanduku lililofunikwa? Tena mbao nyingine zimetiwa dawa ya kuua mchwa. Kama hujui mti na hujui dawa, usichukue.

Vumbi la msumeno. Ni jembamba mno. Huingia machoni, puani na mdomoni.

Mchanga na changarawe. Nyoka akimeza panya aliyelowa, mchanga hunata juu ya manyoya na kuingia tumboni. Ukiwa mwingi, huziba matumbo. Tena mchanga haushiki unyevu vizuri.

Magunzi ya mahindi yaliyosagwa. Yakipata maji huvimba na kuota ukungu. Nyoka akiyameza huweza kumziba matumbo.

Udongo wa bustani na majani ya porini. Huleta utitiri, siafu na mayai ya wadudu. Kama bustani ilipigwa dawa, huleta sumu pia.

VI. Unene wa matandiko na joto

Chatu hana joto lake mwenyewe kama kuku au mbuzi. Hulipata nje ya mwili wake. Upande mmoja wa sanduku uwe na joto la digri 31 mpaka 33, na upande wa pili digri 25 mpaka 27, ili aende anakopenda. Weka maficho pande zote mbili.

Wafugaji wengi hutia joto kwa bamba la umeme chini ya sanduku. Hapo uangalie sana unene wa matandiko. Matandiko mengi huzuia joto kama blanketi. Juu, nyoka huona baridi. Kwa hiyo huchimba mpaka chini na kulala juu ya kioo chenye moto. Tumbo lake huungua polepole, na mfugaji haoni kitu mpaka magamba yabadilike rangi. Basi juu ya bamba la joto tandika sentimetri 2 au 3 tu. Upande wa baridi waweza kutandika sentimetri 5 au zaidi. Bamba lolote la umeme liwe na chombo cha kuzuia joto lisipite kipimo. Kipimo cha joto kiwe chini, pale nyoka anapolala, si juu ukutani.

VII. Unyevu

Kwa chatu wa kifalme unyevu wa hewa uwe karibu 60 kwa 100. Wakati anapojiandaa kujivua gamba, macho yake huwa ya buluu kama maziwa yaliyotiwa maji. Hapo uongeze unyevu mpaka 70. Nunua kipimo cha unyevu. Bei yake si kubwa, na mkono wa mtu hauwezi kupima hewa.

Dalili za ukavu: gamba hutoka vipande vipande; ngozi ya zamani hubaki juu ya macho au kwenye ncha ya mkia. Usiivute kwa nguvu. Mweke nyoka kwa muda katika chombo chenye matundu na kitambaa chenye unyevu, kisha urekebishe matandiko.

Dalili za maji mengi: maji hushika ukutani siku nzima, matandiko yananuka uvundo, magamba ya tumbo yana madoa mekundu au rangi ya kahawa. Ugonjwa huu ni kuoza kwa magamba. Ukiuona, ondoa matandiko yote, tandika karatasi kavu, na umwite mganga wa wanyama. Nyoka anayepumua mdomo wazi, au anayetoa povu, au anayepiga mluzi anapovuta pumzi, mpeleke kwa mganga upesi.

Namna njema ya kutia unyevu ni hii: mimina maji kidogo pembeni, yashuke mpaka chini. Matandiko ya chini yawe na unyevu, ya juu yawe makavu. Usinyunyize juu kila siku. Hivyo tumbo hulowa na chini hubaki kavu.

Tena ufikiri nchi unayokaa. Kisangani mvua hunyesha karibu kila mwezi. Huko huenda bakuli la maji likatosha, na kazi yako kubwa ni kuzuia ukungu. Lubumbashi hukauka tangu Mei mpaka Septemba. Huko utatia maji wakati wa kiangazi na kupunguza mvua zikirudi. Usifanye kazi kwa mazoea, soma kipimo.

VIII. Usafi na utitiri

Kila siku tazama sanduku. Ukiona mavi au mkojo, ambao kwa nyoka ni mweupe na mgumu kama chokaa, uondoe mara moja pamoja na matandiko yaliyo karibu. Mara moja kwa mwezi ondoa matandiko yote. Osha sanduku kwa sabuni, kisha kwa dawa ya klori: sehemu 1 ya dawa na sehemu 30 za maji. Suuza vizuri na uache likauke kabisa. Usitumie dawa zenye harufu ya lami au ya msonobari; zina sumu kwa nyoka.

Utitiri wa nyoka ni mdogo kama kichwa cha sindano, mweusi au mwekundu. Hunywa damu, hupenda kukaa kando ya macho na chini ya kidevu. Haukai juu ya nyoka siku zote. Hutaga mayai ndani ya matandiko na katika nyufa za sanduku. Kwa sababu hiyo mtu anayemwosha nyoka peke yake na kuacha matandiko ya zamani hafanyi kitu. Matandiko yote yatupwe mbali katika mfuko uliofungwa, sanduku lioshwe, nyoka akae juu ya karatasi, na karatasi ibadilishwe kila siku mpaka utitiri uishe. Ukinunua makumbi au maranda dukani, mfuko uliofunguliwa usiuweke karibu na nyoka wengine.

Uoshe mikono kwa sabuni kila ukigusa nyoka au matandiko yake. Nyoka mwenye afya huweza kuwa na vijidudu vya salmonela katika mavi, navyo huleta ugonjwa mkali wa kuhara kwa watu. Watoto walio chini ya miaka 5 wasishike nyoka wala matandiko. Usioshe bakuli la nyoka pamoja na vyombo vya chakula.

IX. Jike anayetaka kutaga

Chatu wa kifalme hutaga mayai machache, mara nyingi 4 mpaka 8. Kwa hiyo kila yai lina thamani kubwa. Jike mwenye mimba hujivua gamba, na baada ya siku 30 hivi hutaga. Andika siku aliyojivua.

Baada ya gamba hilo, mwekee sanduku dogo la kutagia lenye mlango mmoja. Ndani tia sfagnumu, mmea mdogo laini wa vinamasi vya nchi za baridi, unaoshika maji kama sifongo. Ulowe, kisha uukamue kwa nguvu. Ukikamua tena, maji yasidondoke. Jike asipopata mahali kama hapa, huenda akataga ndani ya bakuli la maji, na mayai hufa. Au hutaga juu ya matandiko makavu, nayo mayai hunyauka kabla hujaamka.

X. Matandiko ya mayai

Porini jike hujizungusha juu ya mayai mpaka watoto watoke. Wafugaji wengi huyaondoa na kuyaweka katika chombo cha kuangulia.

Yai la nyoka si kama yai la kuku. Ganda lake ni laini kama ngozi, nalo hupitisha maji. Yai la kuku lina maji yake yote ndani. Yai la chatu hutegemea unyevu wa pale lilipolala. Kwa hiyo matandiko ya mayai yana kazi kubwa kuliko matandiko ya mama.

Tumia vermikuliti, jiwe lililopashwa moto mpaka likavimba na kuwa jepesi. Linachimbwa katika nchi nyingi, hata Afrika ya Kusini. Pima kwa mizani: grama 500 za vermikuliti kavu na grama 500 za maji. Changanya vizuri. Bana kwa mkono. Lishikane, lakini maji yasitoke. Tia katika chombo chenye kifuniko, unene wa sentimetri 5 au zaidi.

Weka alama ya penseli juu ya kila yai, na upande ule ubaki juu siku zote. Usigeuze mayai kama mayai ya kuku. Mtoto aliye ndani huweza kufa. Mayai yaliyoshikamana usiyatenganishe kwa nguvu.

Joto liwe digri 31 mpaka 32. Watoto hutoka baada ya siku 55 mpaka 60. Funua kifuniko mara moja kwa juma ili hewa ibadilike, na utazame:

1. Mayai yakibonyea yote mapema, matandiko yamekauka. Tia maji ya vuguvugu kidogo pembeni, yasiguse mayai.
2. Matone yakishika juu ya mayai, unyevu umezidi. Pangusa kifuniko na uache wazi kidogo.
3. Mayai yakibonyea kidogo katika majuma ya mwisho, usihangaike, ni kawaida.

XI. Watoto

Watoto wakitoka, warudishe kwenye karatasi. Kila mmoja apate chombo chake, karatasi yenye unyevu kidogo, bakuli dogo la maji na maficho. Baada ya siku 7 mpaka 10 hujivua gamba la kwanza, kisha huanza kula. Usiwahamishe kwenye makumbi kabla hawajala mara kadhaa na kabla hujaona mavi mazuri. Wape panya juu ya sahani au kwa koleo, ili wasimeze matandiko.

XII. Mambo ya kukumbuka

1. Nyoka mgeni, mgonjwa au mtoto: karatasi.
2. Chatu wa kifalme mzima: makumbi ya nazi, chini unyevu, juu makavu.
3. Nyoka wa mahindi: maranda ya aspeni, makavu.
4. Jike wa kutaga: sfagnumu iliyokamuliwa.
5. Mayai: vermikuliti na maji, uzito sawa.
6. Mwerezi, mbao usizozijua, mchanga na udongo wa bustani: kataa.
7. Kinachonuka kwako katika sanduku wazi, kwa nyoka katika sanduku lililofungwa kinanuka mara nyingi zaidi.

Kuku akiona vibaya hupiga kelele, na mbuzi hulia. Chatu halii hivyo. Hukaa kimya mpaka ugonjwa umekwisha kumshika. Kwa hiyo kila asubuhi tia mkono katika matandiko, yanuse, uyatazame, kisha usome vipimo vyako viwili. Ni kazi ya dakika 5. Mfugaji anayeifanya kila siku ataona karibu kila shida ingali ndogo.